Nusu Yangu ya Meza

Leo nimekata ndimu jikoni, na harufu yake ikanirudisha Asembo Bay, kando ya Ziwa Victoria, kwenye meza ya mbao ambayo nyanya yangu, tuliyemwita Dani, aliuzia samaki wa kukaanga.

Sabuni ya unga ilimbana kifua mdogo wangu, kwa hiyo Dani aliiacha. Alichekecha majivu ya kuni, akasugua meza, akasuuza, kisha akapaka ndimu kuondoa shombo.

"Dani, majivu si uchafu?" nilimuuliza. "Yatasafishaje?"

"Wewe mtoto una maswali kama polisi! Shika nusu yako ya meza, usugue."

Alipogeuka, niliisugua nusu yangu kwa sabuni ya unga niliyokuwa nimeificha, nione tofauti. Nusu zote mbili ziling'aa. Kisha mdogo wangu akaegemea upande wangu, akaanza kukohoa, akakosa pumzi.

Dani alimbeba nje mpaka akatulia. Nilingoja kiboko.

"Uliza chochote," akaniambia, "lakini usijaribie kwenye kifua cha mwenzako."

Bado nauliza kila kitu, na namshukuru kwa kutoninyamazisha. Sasa hivi mdogo wangu, aliye mrefu kuliko mimi, ameingia jikoni, akavuta pumzi ndefu na kuuliza, "Kuna samaki?"