Mikono ya Dagaa

Juzi pale Nyegezi nilimkuta mwanafunzi akiisonya kalkuleta ya grafu, aina ileile niliyowahi kupewa na mjomba. "Ukikubali tu kuisasisha," aliniambia, "kampuni inafuta michezo yote uliyotunga, na haikuruhusu kutunga mingine." Uso ulinishuka, naye akadhani namhurumia.

Nilipokuwa mwanafunzi, yangu nilikuwa nimeitungia mchezo wa samaki wa nukta nukta, aliyeogelea toka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Asubuhi moja niliichomeka kwenye kompyuta ya internet cafe, ikaomba kusasishwa, nikakubali nikidhani inaongezewa akili. Mchana mama alirudi kutoka soko la samaki la Mwaloni na ndoo ya dagaa kichwani, harufu ikimtangulia mlangoni.

"Hebu nimwone huyo samaki wako," alisema, akabonyeza pale nilipomwonyesha. Kioo kiliandika maneno ya Kiingereza. Samaki hakutokea.

"Mama, umeiharibu! Mikono yako imejaa maji ya dagaa!"

Aliitazama mikono yake, akaifuta kwenye kanga. "Nisamehe, mwanangu." Kisha nikasikia maji yakimwagika uani, na sabuni ikisuguliwa kwa muda mrefu mno.

Nilipotoka Nyegezi nilipitia kwa mama, Pasiansi. Alishaacha kuuza dagaa zamani. Nilimpa simu yangu aone picha za mjukuu wake, huku nikitafuta pa kuanzia.

Mama alirudisha mikono nyuma.

"Ngoja kwanza ninawe," alisema.