Siku nilipaka kitabu ya Papa Anselemi mafuta ya ng'ombe

Benye kucheka bacheke, leo nasema mimi mwenyewe: nilipaka kitabu ya muntu mafuta ya ng'ombe, na nilikuwa na akili zangu zote.

Ilikuwa wakati ya Babelgiji, kule Muheto. Papa Anselemi, fundi wetu wa mbao, alikuwa na kitabu moja yenye muzungu wa shamba alimuachia, ya kufundisha kutengeneza vimeli vidogo vya matanga. Ayi, ile kitabu! Kila kamba, kila mulingoti, kila kamusumari, vyote vilichorwa. Papa alikuwa ananawa mikono na sabuni mbele ya kuifungua, na vimeli vyake (muntu hajaona bahari hata siku moja!) vilikuwa vinaelea sawa viko na roho. Nilimuheshimu sana, na kitabu niliitamani mupaka usingizi unakosa.

Siku moja akaniambia: «Mutoto wangu, chukua, kaa nayo juma moja. Ukitengeneza meli yenye kusimama ndani ya maji, siku nitakufa kitabu itakuwa yako.»

Basi mimi, badala ya kupima na rula kama yeye, nikashikwa na uvivu, nikakumbuka namna karatasi ya mandazi inaangaza ikishika mafuta, nikapaka ukurasa, nikauegemeza ku dirisha, karatasi yangu juu, nikafuata kila mustari nilioona. Kumbe meli ya nyuma ya ukurasa nayo ilikuwa inaonekana! Milingoti tatu ya huku, tatu ya kule, nikahesabu sita, nikasema, eh, hii njo meli ya mufalme (nani wa Muheto angenibishia?), nikaichonga na milingoti yote sita.

Siku ya Mungu, kisha misa, bantu bote bakakuja ku birika ya ng'ombe. Nikaiweka ndani ya maji. Ikayumba, ikalala ubavu, pluf, chini.

«Papa Anselemi, hii meli iko inakunywa maji ao imechoka?» mama mumoja akauliza, na bakacheka mupaka ng'ombe bakakimbia.

Papa Anselemi hakucheka. Akanawa mikono, akafungua kitabu yake yenye nilimurudishia, akaona ukurasa unaangaza, akanusa.

«Hii ni mafuta ya ng'ombe?»

«Njo ile, Papa.»

Nilitamani udongo unimeze. Hakunipiga. Alinikalisha ku meza yake, nikachora upya zile meli mbili na rula, mustari kwa mustari, kutoka kupanda maharagwe mupaka kuvuna.

Na alipokufa, bibi yake akaniletea kitabu. «Alisema tukupe wewe, juu wewe njo unajua namna inaharibika.» Nililia sawa mutoto.

Iko kwangu mupaka leo, na ule ukurasa ungali unanuka. Siku ya kuifungua, mama wa batoto anajua: anapika maharagwe bila mafuta, na mimi nakula nikinyamaza.