Mdomo wa Mjomba Pius

Enzi zetu, na najua mtanicheka kwa sababu nina miaka kumi na saba tu, kwetu Mgeta milimani kulikuwa na baridi ya kweli. Tulikwenda shule na masweta mawili, ukungu umeshuka mpaka humwoni aliye mbele yako, unasikia tu kandambili zake zikipiga tope. Tulikula plamu mbichi hadi meno yakafa ganzi. Tukitoka shule tunakalia magome ya migomba na kuserereka mteremko mzima mpaka kwenye kabichi za watu, halafu tunakimbizwa. Wadogo zetu wa siku hizi ukiwapeleka pale wanauliza kwanza kama mtandao unashika. Mimi niliserereka wa mwisho, wenzangu wakishaondoka. Nilikuwa na aibu tangu zamani.

Nililelewa na Bibi, mzaa mama, pamoja na mwanawe Mjomba Pius. Mjomba alizaliwa na ulemavu. Miguu yake ilipinda, akitembea alishika bega langu, na ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yanatoka yamegandana. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alikuwa akimwigiza katekista wetu anavyokohoa kabla ya kutangaza michango, nacheka peke yangu, watu wananishangaa.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli kwenye ukoo. Iwe posa, iwe shamba, lazima asikilizwe. Wangu kauli yake waliielewa watu wawili tu, Bibi na mimi, na Bibi masikio yalishaanza kuchoka. Kwa hiyo nilibaki mimi.

Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa na jumuiya, sala ya majirani wa kanisa letu. Tunazunguka nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba anawasha mshumaa, anaongoza sala, kisha tunakunywa chai na viazi vya kuchemsha. Kila nyumba ilikuwa na zamu isipokuwa yetu. Msidhani walikuwa watu wabaya. Walimletea Bibi kuni, walimpalilia shamba, sabuni hatukuwahi kukosa. Kwenye maombi Mjomba alitajwa kila wiki pamoja na wagonjwa, mtu ambaye hata mafua sikumbuki kama aliwahi kuugua. Mwenyekiti wetu, Mama Skola, alisema wanaturuka ili wasitusumbue.

Siku moja tukiwa njiani kwenda jumuiya Mjomba alisimama, akapumua, akaniambia, "Wote wananipa. Hakuna anayetaka cha kwangu." Akasema leo ataomba zamu, na mimi nimsemee.

Sala ilipokwisha Mama Skola akauliza wiki ijayo tunaelekea kwa nani. Mjomba akainua mkono, akasema, "Kwetu." Mimi nililisikia wazi. Wengine walisikia mvumo tu. Mzee mmoja wa kwaya akatania kwamba Pius leo ana hotuba, tungoje tafsiri. Macho yote yakanigeukia.

"Anasemaje, mwanangu?" Mama Skola akauliza.

Niliwaza wakikataa nitajificha wapi. Niliwaza Bibi hana viti, na kwamba nitalazimika kusimama mbele yao saa nzima nikitafsiri.

"Anasema asante," nikajibu.

Wakapiga makofi. Mjomba alikuwa kando yangu, masikio yake mazima, anasikia. Tuliporudi hakushika bega langu. Alishika majani ya kingo za njia, hatua moja moja. Tulifika nyumbani jua limeshapanda, viganja vyake vimechanika.

Bibi aliona viganja akaniuliza, nikamweleza ukweli huku nalia. Hakunichapa. Alisema yule kipofu wa kwenye Injili kila mtu alimwona ni kipofu, lakini Yesu alimuuliza kwanza anataka nini. "Sasa Mungu amemjalia mjomba wako akaulizwa," akasema, "na wewe ukajibu la kwako."

Wiki ile nzima Mjomba hakuniambia neno. Watu wakipita na kuniuliza anaendeleaje, najibu mzima, kama karani.

Jumamosi iliyofuata nilisimama kabla hata ya matangazo. Nikashika ukuta. Nikasema Mjomba hakusema asante, alisema kwetu, mimi ndiye niliyedanganya.

Mama Skola akashika kichwa. "Na sisi tukapiga makofi," akasema taratibu.

Wiki iliyofuata walikuja kwetu. Wengine walikaa kwenye ndoo, wengine kwenye matenga ya kabichi. Mjomba aliongoza sala yote, sentensi moja yake, sentensi moja yangu. Alipofika kwenye wagonjwa akaombea goti la Mama Skola lililokuwa likimsumbua. Nilisita, akanikanyaga mguu, ikabidi niseme. Nyumba nzima ilicheka, Mama Skola kuliko wote. Sikuwa nimewahi kuongea vile mbele ya watu, na maneno hayakuwa yangu.

Sasa niko kidato cha tatu, bweni, hapa Morogoro mjini. Milima naiona dirishani, ya bluu, kama ya mtu mwingine. Likizo iliyopita ilikuwa zamu yetu. Mjomba alipoanza kuomba nilisimama na kufungua mdomo. Nikachelewa. Mama Skola alishamwambia, "Rudia polepole, Pius," akarudia, wakaitikia wote pamoja, hata watoto. Hakuna aliyenitazama. Nikarudi kukaa karibu na mlango.

Nilifurahi, Mungu anajua. Ndilo nililoliomba tangu niondoke. Lakini huku tuko arobaini chumba kimoja, na inaweza kupita siku nzima hakuna aliyeniuliza kitu. Enzi zile bila mimi Mjomba hakusikika, na bila yeye mimi sikusema na watu. Sasa yeye anasikika. Mimi bado.