Meko Yaliyoning'inia Dirishani

Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyoniamsha adhuhuri ile ya Ramadhani, nyumbani kwa Bibi, mtaa wa Buyenzi. Mswala wake, uliokunjwa juu ya benchi chini ya dirisha, ulikuwa na tundu jeusi, la duara, sawasawa na alama ya sigara. Nyumba ilikuwa na watu watatu tu: Bibi, mimi wa miaka tisa, na Mjomba Idi, fundi magari, aliyekuwa ameacha sigara mwaka uliotangulia. Pafukapo moshi hapakosi moto, na Bibi hakutaka kuutafuta mbali.

“Idi, unavuta muchana wa Ramadhani?”

“Apana, mama. Nimefunga.”

“Basi mswala umejichoma.”

Mjomba alipoingia kuoga, Bibi akaninong'oneza, “We, nusa shati yake.” Nikainusa pale kwenye kamba. Ilinuka grisi na jasho, basi. Lakini Bibi alinikazia macho, nami nikasema, “Kama sigara hivi.” Toka jioni ile Mjomba akafuturu peke yake barazani, na akaambiwa ikifika Ijumaa atafute pa kulala.

Siku ya tatu, yeye akiwa gereji, moshi ukapanda tena mbele ya macho yangu. Dirishani kilining'inia kwa uzi kioo cha kukuzia maandishi, ambacho Bibi husomea Msahafu. Alikihamishia hapo majuzi ili nisikikanyage. Jua lilipita ndani yake likawa nukta moja kali juu ya mswala. Nilimwita Bibi. Akaingiza kiganja kwenye nukta ile, akakitoa mbio.

Shuleni mwalimu alikuwa ametueleza kwamba nukta hiyo, miale inapokutania, ndiyo fokasi. Kwa Kifaransa foyer. Neno limetoka Kilatini cha kale, na maana yake ni meko, maana hapo moto huwaka. Mimi na ndoto zangu nikaliona jua limeinjika ugali, nikamwambia Bibi hivyo hivyo.

Jioni ile Bibi alimwita Mjomba ndani. “Mwanangu, meko yalikuwa yangu. Unisamehe.” Akamwekea mkononi tende ya kwanza.

Siku hizi shutuma husafiri kwa simu, ikafika hadi Kajaga, nje ya mji, kabla mtu hajavaa viatu. Msamaha bado unakwenda kwa miguu. Bibi ulimchukua siku tatu. Mimi, miaka yote hii, na haujafika. Mjomba huwaambia wageni kwamba katika nyumba ile ni mimi tu ambaye sikumshuku. Kila akisema hivyo, namwongezea chai.