Mlango Uliochoka Kuhama

Mlango wetu ulikuwa wa mninga, kazi ya baba mkwe, na ulikuwa umesafiri kunishinda mimi. Kwetu wafugaji, ukihama, nyumba ya udongo unaiacha ilipo. Mlango unang'olewa, unapakiwa kwenye mkokoteni pamoja na kuku na masufuria, ukafungwe kwenye nyumba nyingine huko mbele. Kwa hiyo mume wangu hakuhitaji kunitangazia safari. Nikimwona anachungulia bawaba, moyo unanilipuka.

Miaka ya tisini tulipoteremka Momba, upande wa Ivuna, tulikuta shamba limejaa migunga. Tukaikata yote, kama kila mtu. Misimu ya mwanzo mtama ulitupita urefu. Kisha udongo ukapauka, mvua ikawa inapita juu yake na kwenda zake, mtama ukaishia magotini. Mume wangu akaanza kuchungulia bawaba.

"Sihami," nikamwambia.

"Utakula nini hapa, mama? Vumbi?"

"Hilohilo vumbi. Sihami."

Hasira nilikuwa nayo, sikatai. Kitinda mimba wangu alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba ile. Nilishaacha kaburi jingine huko tulikotoka, na sikuwa tayari kuacha la pili.

Tena nilikuwa nimeona jambo. Mtama wenye nafuu ulikuwa kando ya visiki vya migunga, na visiki vyenyewe vilichipua kila mwaka, plau ikavifyeka. Nikachana kanga kuukuu, nikafunga vitambaa kwenye machipukizi, kila kisiki nikakibakizia moja lililonyooka. Mume wangu akaambiwa maksai wapite pembeni. Alilalamika kwamba namlimisha kama mlevi. Kila msimu alilalamika, na kila msimu alikwepa.

Migunga ikapanda hadi ikapita paa. Halafu masika moja, porini kote kumestawi, yangu ikapukutisha majani yote. Ilipokuwa midogo haikuwa na tabia hiyo. Mume wangu akasimama shambani, akacheka cheko baya.

"Ona. Hata miti yako imeshindwa na hii ardhi." Jioni akapaka bawaba mafuta ili zilegee.

Kesho yake jirani akaja na shoka. Huku mti mkavu shambani ni kuni za atakayewahi, hata kama shamba si lake.

"Dada, naomba ule uliokufa."

Nikachomoa kisu, nikakwangua gome mbele yake. Ndani kulikuwa na ubichi, majimaji kabisa.

"Haujafa, umelala. Ukiugusa, mimi na wewe hatutasalimiana tena."

Akaenda zake akisimulia kwamba nimeanza kulinda kuni. Mwacheni aseme. Lakini niliogopa, tena sana, kwa sababu hata mimi sikujua kama utaamka.

Wakati wa palizi mume wangu alifika chini ya mgunga mmoja, akachuchumaa. Majani yaliyopukutika yalikuwa yameoza, udongo umelainika, na mtama pale ulikuwa wa kijani kilichoiva, si ule wa manjano wa pembeni. Akachota udongo, akaunusa.

Tukavuna. Kiangazi kilipokausha kila kitu, migunga ikavaa majani, na ng'ombe wakawa wanagombania maganda ya mbegu zake. Mume wangu akafyatua matofali, akayachoma, akajenga. Alisema ni ghala.

Asubuhi moja nikasikia bawaba zinalia. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi, nimekwishajiandaa kwa vita. Alikuwa ameung'oa mlango, ameuweka begani. Nikatazama mkokoteni. Akaupita. Akaenda hadi kwenye kuta zile za matofali, akauegemeza, akajifuta jasho.

"Nimeacha nafasi mbele na nyuma," akasema. "Niufunge upande gani?"

Nikanyoosha mwiko kuelekea nyuma, kwenye kaburi na migunga. Akachukua nyundo.