Nyamizi Aliyeziba Masikio kwa Ugali

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa binti mbichi, askari magereza mpya, sare imepigwa pasi mpaka inakata, najiona najua kila kitu. Kesho na wewe unaripoti kazini, basi kaa kidogo nikusimulie kabla hujafunga begi.

Upande wa wanawake tulikuwa na mfungwa mmoja, Nyamizi, mama wa Kisukuma kutoka Kasansa. Alikuja mcheshi, anaimba akilima. Baada ya wiki chache akanyamaza. Ukimpa ugali, hali. Anaufinyanga, anazibia masikio. Mimi nikaona dharau, nikamwongezea matuta ya kupalilia. Ujinga wa ujana huo!

Muuguzi wetu, Mama Skola, mama mtu mzima wa Kirundi asiye na maneno mengi, akanikuta namfokea.

"We binti, umemuuliza kwa nini?"

"Anajifanya tu, mama."

"Nimekuuliza, umemuuliza?"

Mama Skola akaketi kwenye udongo na gauni lake jeupe vilevile, akamshika Nyamizi mkono.

"Mdogo wangu, unalala?"

"Silali."

"Nini kinakuzuia?"

Nyamizi akautazama ukuta. "Kuna watu humo. Wanasema wanangu wamekufa, na chakula kina sumu."

Kumbe, mwanangu! Siku tatu hakuwa ameweka kitu tumboni, na mimi ndiye niliyekuwa namwita jina kila asubuhi kwenye hesabu.

Tulimpeleka hospitali Mpanda mjini siku hiyohiyo. Daktari alisema ugonjwa wa akili ndio kwanza unaanza, tumewahi. Dawa zikamkubali, akarudishwa kwetu gerezani. Dada yake akamletea watoto, wazima kabisa, mashavu yamejaa. Siku moja akanisimamisha bustanini: "Afande, yale matuta uliyonipa, njoo tumalizie wote." Nikavua kofia, nikashika jembe. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini! Sasa amemaliza kifungo, yuko kwao analima mpunga, na kila mavuno ananiita nikale wali.

Kwa hiyo mtu akiingia getini, usiishie kuandika jina. Muulize kama analala, kama anakula, kama anasikia sauti wasizosikia wengine. Umuulize tena baadaye, maana wengine huanza kuugua wakiwa humohumo ndani. Ukiona amebadilika, mwite muuguzi kwanza kabla hujamwita mkaidi. Na ukikosea, usione haya kuomba radhi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe sikio la subira na moyo mwepesi wa kucheka, na kila utakayemfungulia mlango atoke akiwa mzima.