Koti la Baba Ndani ya Kapu

Sisi tuliokulia Suna miaka ile ya tisini, jua la Ijumaa tulilijua kuliko saa ya ukutani. Siku nyingine lingezama litakavyo, sisi bado tuko barabarani tunacheza bano na kati, miguu myekundu kwa vumbi. Lakini Ijumaa, likianza tu kuegemea upande wa ziwa, Mama alitoka nje, akashika kiuno, akaita mara moja. Mara moja tu, jamani! Siku hizi mzazi anaita hadi sauti inakauka, na mtoto yuko chumba cha pili, masikio ameyaziba kwa vidude vya muziki.

Nyumba yetu ilishika Sabato, na haikuishika kwa vidole viwili. Jua likishazama Ijumaa, moto hauwashwi tena mpaka jua la Jumamosi lizame. Hakuna kupika, hakuna kupiga pasi, hakuna kuchota maji. Kwa hiyo Ijumaa ilikuwa siku ya mbio. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga viatu rangi, vya Baba kwanza maana alikuwa mzee wa kanisa, na kumbeba mgongoni Akinyi, mdogo wetu, ili Mama apate nafasi jikoni. Mama alipika vya siku mbili. Kulikuwa na githeri, mahindi na maharagwe, ambayo sisi kwetu tunaiita nyoyo. Kulikuwa na osuga, ile mboga chungu, imelazwa ndani ya chungu pamoja na maziwa, na haki ya Mungu ikilala siku ya pili inakuwa tamu zaidi. Kulikuwa na samaki wa kupasuliwa na kuanikwa juani, aliyetumwa na ndugu za Mama kutoka Muhuru Bay, akitokota kwenye mchuzi wa njugu. Harufu hiyo ukiisikia ukiwa na njaa unaweza kuungama dhambi ambazo hujatenda.

Tatizo letu lilikuwa ugali. Vingine vyote vinaweza kuliwa vikiwa vimepoa, lakini Mjaluo na ugali baridi, hiyo ni kesi. Sisi watoto tulishazoea. Jumamosi mchana tuliukata vipande kama mkate, tukala, tukaenda zetu kulala chini ya dirisha tukisubiri masomo ya alasiri. Hatukujua kama kuna mtu anaweza kuona ubaya hapo.

Basi siku moja akaja Waya, dada yake Baba, bila taarifa, na akaja Jumamosi. Akaandaliwa ugali wa jana. Waya alikula tonge moja, akasema ameshiba, akanywa chai ya flaski iliyokwisha kupoa, akaaga kwa heshima zote. Tulidhani yamekwisha. Kumbe habari ilisafiri naye mpaka Homa Bay, ikafika kwa Dani, yaani bibi yetu mzaa baba, na ilipofika ilikuwa imenona. Haikuchukua muda tukaletewa ujumbe: "Nasikia jina langu linalishwa chakula baridi. Nitakuja Jumamosi nijionee mwenyewe. Nikipewa chakula baridi, narudi na mtoto."

Jina la Dani mwenyewe lilikuwa Akinyi. Mdogo wetu aliitwa kwa jina la Dani, na kwetu huyo ni mtoto wa bibi hata kabla hajawa wa mama yake. Tena wakati huo Akinyi alikuwa mwembamba, malaria ilikuwa haimwachi. Na enzi zile neno la bibi halikuwa na rufaa. Watoto wengi tuliosoma nao walilelewa na bibi zao, hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi nililia. Nilikuwa nalala naye mkeka mmoja, nilikuwa najua anavyopumua. Nyumba bila Akinyi sikuweza hata kuifikiria.

Baba alikuwa mwalimu, mtu mpole, na alimwogopa mama yake kuliko mkaguzi wa shule. Jioni moja akakohoa kidogo, akamwita Mama kwa jina langu, akasema, "Mama Atieno, labda siku hiyo moja tu tuwashe stovu kidogo. Mungu anajua mioyo yetu."

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua uso. "Na ni wewe unayehubiri Jumamosi hiyo. Utasimama pale useme nini, Baba Atieno, na nyumbani kwako kunafuka moshi?"

Baba akarudi kwenye gazeti lake. Nina hakika hakusoma kitu.

Ndipo Mama akakumbuka kapu. Kuna mama mmoja kanisani aliyekuwa amefundishwa namna ya kutunza joto la chakula bila moto. Unachukua kapu pana, unalijaza majani makavu ya migomba, katikati unaacha shimo la kukaa sufuria. Sufuria inatoka motoni ikichemka, inaingia humo, unaizungushia nguo nzito, juu blanketi, juu ya blanketi mto, halafu mtu yeyote asiguse. Mama alitengeneza kapu lake wiki ile yote, kimya kimya, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Kwa nguo nzito akaamua kutumia koti kuukuu la Baba, lile lililotoboka viwiko.

Ijumaa ikafika, na mvua ikaja nayo. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukagoma, moshi ukatujaa machoni, na jua nyuma ya mawingu hatukujua limefika wapi. Mama alisonga ule ugali wa mtama kama anapigana na mtu. Akaufunga kwa jani la mgomba lililopashwa moto, akauweka juu ya sufuria ya githeri, akakimbia navyo ndani, akavitia kapuni. Nyumba ilishakuwa giza. Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akavuta koti, akazungusha, mikono ya koti akaifunga fundo, juu akashindilia blanketi na mto. Kisha Baba akawasha taa ya mafuta kabla jua halijazama, tukaimba wimbo wa kufungua Sabato tumelizunguka kapu. Katika maombi Mama alimwomba Mungu atunze wasafiri, wagonjwa, na joto. Tulisema amina ya nguvu.

Asubuhi Baba akavaa shati jeupe, akafunga tai, akaenda nyuma ya mlango kuchukua koti lake la kanisani. Lilikuwa koti la rangi ya samawati iliyoiva, koti la harusi yake, alilovaa Sabato tu. Akarudi ameshika lile kuukuu, viwiko vyote viwili nje.

"Mama Atieno. Koti langu liko wapi?"

Mama akaliangalia lile koti. Halafu akaliangalia kapu. Akaweka mkono mdomoni.

Baba akaenda mpaka kwenye kapu, akashika ule mto wa juu. Kulitoa koti ilikuwa kazi ya sekunde, lakini joto lote la usiku kucha lingetoka nalo. Na pale chini alikuwa ameketi Akinyi, kidole mdomoni, amelaza shavu kwenye kapu kwa sababu lilikuwa na joto na asubuhi ilikuwa ya baridi. Baba alimtazama yule mtoto. Akauachia mto.

"Koti lina kazi leo," akasema, "twendeni."

Sasa msidhani kuhubiri bila koti lilikuwa jambo dogo. Wachungaji wa siku hizi wanapanda madhabahuni na fulana na viatu vya kukimbilia, na watu wanashangilia. Enzi zetu mzee wa kanisa bila koti ni sawa na mlango bila bawaba. Tena lile shati, ambalo mbele lilikuwa jeupe kama pamba, mgongoni lilikuwa limeunguzwa na pasi ya makaa, alama ya pasi nzima nzima, ncha ikielekea juu. Miaka yote koti ndilo lililoficha. Siku hiyo kila Baba alipogeuka, kanisa zima lilisoma habari hiyo. Wanawake wa kwaya walijifunika vitabu vya nyimbo usoni.

Na mlango ukafunguka katikati ya mahubiri, akaingia Dani. Alivaa kitambaa cheupe kichwani, yeye alikuwa wa kanisa lingine, la ngoma na Jumapili, na kwapani alikuwa na mfuko mkubwa mtupu. Alikaa nyuma. Baba alipogeuka kufungua Biblia, tukasikia sauti ya Dani, na sauti hiyo haikujua kunong'ona: "Yawa! Hata koti mwanangu hana!"

Njia nzima ya kwenda nyumbani Akinyi alikuwa kiunoni mwa Dani, na ule mfuko mtupu ukining'inia. Mimi niliuangalia mfuko, nikajua ni wa nguo za Akinyi. "Nyar Muhuru," Dani akamwambia Mama, maana kwetu mke huitwa kwa jina la alikotoka, "mume wako anahubiri kama mtu aliyeibiwa. Mtoto huyu ni mifupa. Sasa nionyeshe hicho chakula."

"Karibu ndani, Mama," Mama akajibu. Ni hilo tu.

Tukanawa. Baba akaombea chakula, na ombi lile lilikuwa refu kuliko mahubiri. Aliomba kwa ajili ya serikali, mvua, wavuvi, mpaka wachimba dhahabu wa Osiri. Nadhani aliogopa kufika amina. Alipofika, Mama akapiga magoti mbele ya kapu. Akatoa mto. Akatoa blanketi. Ukaonekana mkono wa koti, kisha kola, kisha vile vifungo vya kung'aa.

Dani akainama mbele. "Hilo si koti la harusi?"

"Ndilo, Mama. Jana nilikosea, nikalichukua gizani. Leo asubuhi yeye mwenyewe alikataa kulitoa. Aliogopa chakula chako kitapoa."

Dani akamtazama Baba. Baba, mtu mzima, mwalimu, mzee wa kanisa, akatazama vidole vyake vya miguu.

Mama akafungua jani la mgomba. Sitawadanganya kwamba ugali ulikuwa wa kuunguza. Ulikuwa na joto la kifua cha mtu. Kifuniko cha githeri kilipoinuliwa ukatoka mvuke mdogo, mwembamba, ukapotea. Dani akamega tonge, akaliviringa polepole, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki, na kwanza akamlisha Akinyi. Akinyi alitafuna, akafungua mdomo tena. Halafu Dani akala. Alikula, na sisi tukihesabu matonge yake, mpaka sahani yake ikawa tupu.

Akanawa mikono. "Nimetembelea nyumba nyingi," akasema. "Kote nafika, nakaa, nangoja chakula. Leo ndiyo mara ya kwanza chakula kimeningoja mimi."

Mama alilia. Aliingia chumbani akijifanya anatafuta kitambaa, lakini tulimsikia.

Jua lilipozama tukawasha moto, Dani akanywa chai ya maziwa yenye moto wa kuchoma ulimi, akaenda kulala kwa jirani, kwa kuwa kwetu mama halali nyumbani mwa mwanawe wa kiume. Asubuhi Mama alikuwa amekunja nguo za Akinyi mezani. Lile neno la "narudi na mtoto" lilikuwa halijafutwa kwa mdomo, na Mama hakuwa mtu wa kubahatisha. Dani akazitazama zile nguo, akazisukuma pembeni. Akafungua mfuko wake, akasema, "Nyar Muhuru, nijazie majani makavu. Na unionyeshe tena unavyoyapanga." Akaondoka Suna na mfuko umefura majani ya migomba. Mlangoni akauliza kama koti nalo anaweza kupewa. Baba akalikumbatia koti lake, akarudi nyuma, na Dani akacheka mpaka barabarani.

Koti lile halikutoka harufu. Kila Sabato Baba alipoinua mikono kuomba, waliokaa mbele walisikia githeri na kukumbuka kwamba wana njaa.

Leo nina friji, nina ile mashine ya kupasha chakula kwa dakika mbili. Wanangu wanakula kila mmoja kwa saa yake, mmoja chumbani, mwingine amesimama akitazama simu, na chakula ni cha moto daima. Sina ugomvi na mashine. Ila nyumbani kwangu hakuna anayengojwa, na hilo linaniuma. Dani alishatangulia, Baba pia. Mama yupo, macho yamepungua, lakini bado anaita mtu mara moja tu.

Wiki hii Akinyi amepiga simu kutoka mbali anakofanya kazi. Anakuja leo Jumamosi, na anamleta binti yake tumwone kwa mara ya kwanza. Jana Ijumaa jua lilipoegemea upande wa ziwa, niliepua sufuria ikichemka. Kijana wangu akanitazama kana kwamba nimepagawa. "Lakini Mum, si utapasha tu kesho?"

Nilimtuma chumbani kwa bibi yake akalete lile koti. Nikaizungushia sufuria, mikono nikaifunga mbele, vifungo nikavifunga vyote mpaka cha juu. Mama akapapasa mpaka akakifikia kifungo kile cha juu, akaacha mkono wake pale. Akasema, "Asiguse mtu. Kuna mtoto anakuja."